Alichosema kwa Mkono

Macho yangu hayalii. Nasema hivi mapema kwa sababu mtaa mzima umezoea kuniona maji yakinitiririka mashavuni, na mke wangu alipofariki wakasema, jamani, huyu mzee alimpenda mkewe. Nilimpenda, sibishi. Ila yale maji si ya msiba. Ni ya kope. Kope zangu za chini zimelegea na kujikunja kwa nje, ule wekundu wa ndani uko hadharani, na maji ya macho hayapati tena njia yake. Yanamwagika tu, asubuhi mpaka jioni. Hata nikilala macho hayafungi yote. Mke wangu ndiye aliyekuwa akinipaka dawa na kunibandika plasta kabla ya kulala. "Haya, mlinzi wangu," atasema, "lala. Ingawa wewe hata ukikoroma unaonekana uko zamu."

Nina mashine ya kusaga nafaka. Imekaa katika chumba kimoja cha mabati, mlango mpana mbele, na jua la mchana linaingia humo moja kwa moja mpaka unaona vumbi la unga likielea. Nimefanya kazi hiyo tangu nilipoacha shule, na niliacha mapema, sikufika mbali. Miaka yote hiyo nimekuwa nikijipangusa macho kwa mkono, kuelekea chini, kama kila mtu anavyojipangusa. Kumbe ndivyo nilivyokuwa nazivuta kope. Hilo upande wa kushoto. Upande wa kulia mkanda wa mashine uliwahi kukatika ukanichapa shavu, kovu likavuta ngozi ikaenda na kope yake.

Sasa nieleze jambo la mikono, maana bila hilo hutanielewa.

Mashine ikiwaka humo ndani husikii neno, hata mtu akupigie kelele sikioni. Mimi na mke wangu tuliongea kwa mikono. Yeye alisimama kwenye nguzo karibu na mizani anapokea wateja, mimi juu ya kingazi cha mbao namimina nafaka. Akikusanya vidole na kuvisugua, unga ni laini, mteja karidhika. Akizungusha kidole hewani, una chenga, rudia. Akifyeka hewa kwa kiganja mbele ya kifua, mara moja tu, kama anayefyeka majani, hapo ni kuzima, zima haraka, kuna kitu. Tulikuwa na nyingine ambazo wateja hawakupaswa kuzielewa. Kuna siku alinisimulia ugomvi wote wa majirani wa nyuma yetu, nani kasema nini na nani kamrushia nani sufuria, mashine inanguruma, mteja yuko katikati yetu hana habari. Nilicheka hadi nikamwaga mahindi ya watu.

Basi. Mke wangu alikuwa na uvimbe tumboni. Hospitali wakasema utatolewa. Tukapangiwa siku, tukaenda, tukaambiwa turudi. Tukarudi, tukaambiwa chumba cha upasuaji kinapakwa rangi, kuna wageni wakubwa wanakuja kukagua. Mara nyingine tukaambiwa rangi haijakauka. Mkubwa wa hospitali alitaka kuta zing'ae. Mke wangu akawa anang'ata kanga kwa maumivu, na kuta zinang'aa. Mpaka siku uvimbe ulipopasukia ndani, ndipo wakakimbia naye, na rangi bado inanuka.

Walimpitisha mbele yangu kwenye kitanda cha magurudumu, wakaingia, mlango ukajifunga. Mlango ule una kioo cha duara kwa juu. Nikaweka uso pale. Upande wa pili nikaona wamesimama kidogo wanasubiri sijui nini, na yeye akainua kichwa, akanigeukia. Akainua mkono. Ukaenda. Aliniambia kitu, kwa mikono yetu, kitu kimoja. Na mimi nikaona weupe unaosogea ndani ya maji. Nikapangusa, maji yakajaa tena. Nikapangusa tena, na wamekwisha kumsukuma ndani. Nilipunga mkono, kwa sababu mtu akikuinulia mkono na wewe unainua.

Hakutoka akiwa hai.

Na mwaka uliotangulia nilikuwa nimekwenda hospitali hiyohiyo, upande wa macho, kwa ajili ya kope hizihizi. Nikaambiwa zinashonwa, si kazi kubwa, lakini vifaa vimefungiwa kabatini na ufunguo anao mkubwa, na mkubwa yuko kikaoni. Kila nilipokwenda yuko kikaoni. Sijui ni kikao gani kile kisichoisha kama maji ya macho yangu. Kwa hiyo msiniambie ilikuwa bahati mbaya. Mtu mmoja alikaa na ufunguo mfukoni, na mtu huyohuyo akataka rangi mpya, na katikati ya hayo mawili mke wangu akaniambia neno la mwisho na sikulipata. Nikaapa sitakanyaga tena pale, hata nibebwe.

Mke wangu alirudi kabla mwezi haujaisha.

Nilikuwa peke yangu, adhuhuri, nasaga mtama wa mama mmoja aliyeuacha akaenda sokoni. Unga ulijaa hewani. Nilitupa jicho kwenye nguzo kama nilivyozoea, niulize kama ulaini unatosha, ndiyo mazoea hayo, mwili hauna taarifa kwamba mtu amekufa. Na alikuwepo. Urefu wake, namna yake ya kuegemea kwa bega. Sura sikuiona, maji. Mkono ukainuka, ukaenda mbele ya kifua, ukashuka.

Nilishuka kingazini. Nilipofika kwenye nguzo palikuwa na baridi tu, na mizani.

Tangu hapo akawa anakuja mashine ikiwaka. Ikizimwa hayupo. Na kila akija anafanya kile kimoja, mkono mbele ya kifua, mahali tulipofanyia ishara zetu zote. Nikikodoa, macho yanazidi kumwaga. Nikipangusa, nampata kwa muda wa kupepesa, halafu maji yanarudi yanamla. Anasema laini? Anasema rudia? Ananiita? Nilikuwa najua tu kwamba ni lilelile la kwenye kioo, kwa sababu mkono ulikwenda kwa uchovu uleule wa mtu aliyelala chali.

Sikuogopa. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa anajirudia. Mke wangu hakuwa mtu wa kurudia jambo. Ukimfanya arudie, atakununia mpaka kesho.

Nilimwambia fundi viatu anayekaa mkabala na mashine, ndiye rafiki niliyebaki naye. Hakucheka, na yeye hucheka hata msibani.

"Amevaa nini?" akauliza.

"Sioni. Maji."

"Viatu je?"

"Nimekwambia sioni, wewe unaniuliza viatu!"

"Mimi naangalia viatu, ndugu yangu, ndiyo kazi yangu. Sasa nenda kashonwe hayo macho, umsikilize mwenzio."

"Pale siendi."

"Basi mwache aendelee kusimama. Alisimama pale enzi zake zote, miguu imevimba. Mwache tu."

Akapigilia msumari kwenye soli, mapigo mawili, halafu akaniangalia. "Ila kuna jambo moja, na usinipige. Wewe unamwona ndani ya maji. Kama yumo kwenye hayo maji, si utamkausha naye?"

Nilikaa na neno hilo wiki nzima. Kwa kope hizi nilikuwa na mke asiyesomeka. Bila kope hizi labda nisingekuwa na mke kabisa.

Binti yangu ndiye aliyenimaliza. Alikuja akakuta nimesimama kwenye kingazi, mashine inasaga, macho nimeyaachia wazi bila kupangusa, yamekuwa kama nyama. Akanishika uso, akanigeuza kwenye mwanga.

"Baba, hili la kushoto lina doa jeupe. Unaliona?"

"Nitalionaje, liko ndani ya jicho langu?"

"Usinifanyie utani. Kesho tunakwenda."

"Kwa wale waliomuua mama yako?"

"Kwa haohao. Kuna daktari mpya wa macho. Ukikataa nakubeba mgongoni, watu wacheke."

Nilikwenda. Lakini sikwenda kwa ajili ya doa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mikono midogo, haraka. Alinikalisha, akaweka kidevu changu kwenye mashine yake, akanimulika.

"Angalia juu, baba. Usipepese." Akaivuta kope ya kushoto chini kwa kidole, akaiachia. "Unaona? Kope yenye nguvu ukiiachia inarudi mara moja, kama mpira wa kiunoni. Hii yako imebaki palepale."

"Hata mpira wangu wa kiunoni umebaki palepale," nikasema.

"Baba!" binti yangu akasema. Daktari akacheka, na mimi nikajikuta namchukia kidogo kwa kucheka vizuri ndani ya nyumba ile.

Akanieleza. Nashukuru alinieleza kama mtu mzima. Jicho la kushoto ni ulegevu tu: anapasua kidogo kwenye pembe ya nje, anaifupisha kope, anaivuta na kuishona kwenye ukingo wa mfupa pale pembeni, ikaze. La kulia ni kazi nyingine, kwa sababu ngozi imeliwa na kovu, na akivuta tu bila kuongeza ngozi itashuka tena. Hapo inabidi alegeze kovu, halafu apandikize kipande cha ngozi.

"Ngozi ya nani?" nikauliza.

"Yako mwenyewe, baba. Ya kope ya juu kama ipo ya ziada, au ya nyuma ya sikio."

"Nyuma ya sikio hakuna anayepaona. Chukua."

"Hakuna njia ndogo zaidi?" binti yangu akauliza. "Mzee huyu."

"Ipo. Nyuzi chache za kuigeuza kope irudi ndani, basi. Wale wasioweza kukatwa huwa tunawawekea. Lakini kwake haitadumu. Na akikaa na plasta na dawa peke yake, lile doa ni kidonda, kiko juu ya kioo cha jicho. Kikichimba, jicho limekwenda."

Nikamuuliza lililonipeleka. "Nikiwa ndani, kwenye vumbi la unga, na mtu yuko pale kama mlangoni. Nitauona mkono wake?"

"Kidonda kikipona vizuri, utauona."

"Vidole?"

"Na vidole."

"Basi anza na la kushoto. Na chumba kipo? Vifaa vipo? Ufunguo hauko kikaoni?"

"Vipo, baba."

"Vimekuwepo baada ya nini?"

Binti yangu alitazama sakafu. Si daktari huyu aliyekaa na ufunguo, najua, lakini aliyekaa nao hajawahi kukaa mbele yangu nimuulize, kwa hiyo nikamuuliza aliyekuwepo.

Walinipasua nikiwa macho. Sindano ya ganzi kwenye pembe ya jicho, ikachoma, halafu uso ukawa wa mtu mwingine. Nilitembea mwenyewe kupita ule mlango wa kioo. Kuta zilikuwa nyeupe. Nililala chali nikatazama dari ambayo bila shaka na yeye aliitazama, na nikasikia mkasi ukikata kitu changu, nasikia sauti tu, maumivu hakuna. Daktari akasema, "Keti, baba, nione kope inavyokaa ukiwa wima." Wakaniketisha. Mbele yangu ulikuwepo mlango, na kioo cha duara, kwa upande wa ndani. Nikaona kilivyo kidogo. Uso wa mtu ukiwekwa pale unajaza kioo chote, humuoni mikono. Kwa hiyo aliniona uso tu. Mkono wangu niliompungia hakuuona.

"Baba, usigeuze kichwa," daktari akasema.

"Maliza," nikamwambia.

Jicho lilivimba, likawa jeusi. Fundi viatu akauliza ni mwanamke gani kanipiga. Niliambiwa nisiende kwenye vumbi mpaka nyuzi zitolewe na kidonda kikauke, na nikatii, jambo lisilo la kawaida yangu. Chumba cha mashine kikafungwa. Nikipita nje naweka sikio kwenye bati. Hakuna kitu. Wateja wakapeleka nafaka kwingine.

Siku nyuzi zilipotolewa, daktari alifunika jicho la kulia kwa kiganja chake akaniambia nitazame dirishani. Nikaona waya, ndege juu ya waya, mguu wa ndege. Shavu langu la kushoto lilikuwa kavu. Mtu hajui ukavu wa shavu ni kitu gani mpaka auwekee mkono.

"Unafurahi?" akauliza.

"Nitakwambia."

Nilikwenda moja kwa moja kwenye mashine. Binti yangu alitaka tupite nyumbani nile kwanza, nikamwambia atangulie. Nikafungua mlango. Unga wa zamani ulikuwa umelala juu ya kila kitu. Nikawasha. Ikaguna, ikashika kasi, sakafu ikaanza kutetemeka, na vumbi likapanda kwenye mwanga kama linavyopanda siku zote. Nafaka ya wateja haikuwepo. Mashine ikisaga hewa inajiumiza, nyundo zake zinagonga chuma, mlio wake unapanda kama mtu anayekaribia kupiga kelele. Nikapanda kingazi. Nikafunika jicho la kulia. Nikageuka kwenye nguzo.

Alikuwepo.

Alikuwepo, kavu, bila maji hata tone. Fundi viatu alikosea. Niliuona mkunjo wa kanga kwenye bega. Niliuona unga kwenye nywele za mbele ya sikio lake, pale ambapo hakuwahi kukumbuka kupangusa. Miguu ilikuwa mitupu. Ana uso wa mtu anayesubiri umalize unachofanya. Akanitazama, na nikajua ananitazama mimi, na akainua mkono wake wa kulia. Vidole vyote nikaviona. Kiganja kikalala, kikapita mbele ya kifua, mara moja, kikafyeka.

Zima.

Nikabaki nimeshika ubao wa kingazi. Akainua tena, akafyeka tena. Hakuna kosa, hata mtoto angesoma. Ndilo lile la kwenye kioo. Wakati wanamsukuma ndani, na kuta zinanuka rangi, aliniambia nisimamishe. Nizime. Alikwisha kuona nilichotakiwa kuona mimi, kwamba hawa watu wanakimbia kwa sababu wamechelewa, si kwa sababu wanajua. Aliniambia mimi, kwa sababu ndani ya chumba kile hakuna mwingine aliyejua lugha yake. Na walikuwa wameshanifunga macho tangu mwaka uliopita, kwa ufunguo.

Na sasa ananiambia lilelile hapa, na hapa kuna kitu cha kuzima. Swichi iko ukutani, hatua chache, nyekundu. Nikiigusa, kelele inakwisha, na yeye huwa hayupo kelele ikiisha. Nilimwelewa. Amechoka kusimama. Anataka nimruhusu aende akakae.

Mlango ukajaa kivuli. Binti yangu, hakuwa amefika nyumbani. Alisikia mlio wa mashine tupu tangu barabarani, na amekua humu ndani, anaujua. Aliingia hadi kwenye nguzo, akasimama palepale, bega karibu liguse bega, na hakuona kitu. Akanitazama juu ya kingazi. Akafungua mdomo, akakumbuka kwamba sisikii, akainua mkono, akafyeka hewa mbele ya kifua. Mama yake pembeni akainua wake. Mikono miwili, mmoja una pete na mwingine hauna, kwa pamoja, kama wamehesabiana.

Nikazungusha kidole. Rudia, nikawaambia. Bado.

Uso wa binti yangu ukabadilika. Nilishuka upande wa pili, kulikuwa na nusu gunia la mahindi yetu wenyewe, ya kula nyumbani. Nikalipandisha, nikamimina yote mara moja, ambayo haifanywi. Mashine ikakohoa, ikayameza, sauti ikashuka ikawa ya kazi. Unga ukajaa chumba. Kupitia unga nikawaona wote wawili bado wamesimama, na jicho langu jipya halikumwaga hata tone moja.

Binti yangu ameenda kumwita fundi viatu, aje aniseme. Aje. Mahindi yakiisha kuna mtama. Nimekaa juu ya kingazi na mke wangu yuko pale, mkono wake unainuka na kushuka, na namsoma kila mara, simkosi. Watu wa umeme wana tabia ya kukata bila kusema, jioni wakati mwingine, mwenye nyumba yake akiwa katikati ya shughuli. Wakate. Wazime wao, kama walivyozoea kutufanyia mambo. Mimi sizimi.